Kanivo ni ya nani? Historia fupi ya kufagia na kuamua katika mji wa Likasi



Mvua ya mwaka jana ilituletea kazi ambayo haikuwa katika mpango wetu. Katika avenyu moja ya komine moja ya Likasi (jina tunaliacha, barua yetu ingali mezani kwao), kanivo ilijaa mchanga, chupa za plastiki na majani. Maji yakakosa njia yakaingia ndani ya parsele, na wanachama wetu wakalala usiku mzima wakipandisha magodoro juu ya meza. Asubuhi shefu wa kartie akaita mkutano: kila parsele itoe mtu mmoja wa kufanya salongo, na faranga kidogo za kukodi mkokoteni.

Hakuna aliyekataa neno hilo. Lakini tulipopita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanachama waende mkutanoni, mama mmoja mzee, aliye pamoja nasi tangu mwanzo wa shirika, alitikisa kichwa. «Mi shiende kule, mutoto wangu,» alisema. «Faranga nitatoa. Mujukulu wangu atakuja na jembe. Lakini kusema mu mukutano, hapana. Nikisema paka neno moja, batauliza: ule mama anatokaka wapi?»

Mama huyo aliolewa katika avenyu ile. Amezalia pale watoto wote. Miaka pekee ambayo hakuwapo ni ile aliyofukuzwa.

Sisi tunaotembea kwenye tereni tumefundishwa chuoni kuandika ripoti: tatizo, sababu, bajeti. Katika ripoti ya kanivo tungeandika kwamba sababu ni mchanga na plastiki, na mambo yangekwisha. Lakini jibu la mama lilitufuata hadi ofisini. Ndiyo maana toleo hili tumeacha kidogo hesabu za mikopo na mbegu, tuangalie nyuma: katika mji huu, nani alikuwa anasafisha, na nani alikuwa anaamua?

Tuanze na kampuni, maana kwetu kila kitu kilianza na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza haikutaka familia. Wanaume waliletwa kwa mkataba mfupi, wakalala wengi katika nyumba moja, wakafa kwa magonjwa, na waliobaki wakakimbia. Kampuni ikaona kwamba kubadilisha watu kila mara ni hasara. Kuanzia mwaka 1927 na 1928 ikashika njia nyingine: mkataba wa miaka mitatu, mke aje, nyumba ipatikane, posho itolewe kila wiki, mtoto azaliwe hospitalini mwa kampuni na asome shuleni mwa kampuni. Mwaka huo wa 1928 reli ya BCK ilikamilika kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikapita katikati ya Kasai. Mwaka uliofuata kiwanda cha Shituru kikaanza kusafisha shaba kwa umeme, na kilihitaji mikono.

Babu zetu wengi walipanda treni hiyo. Tunaomba msomaji aliweke hili akilini, kwa sababu baadaye litasahauliwa na wengi: hakuna aliyejileta. Aliitwa, akapimwa na daktari, akapewa namba, akapewa nyumba.

Katika kambi za Panda na Shituru usafi ulikuwa kazi kama kazi nyingine. Wazee wetu wanasimulia barabara zilizonyooka, nyumba zenye namba, watu wa ijiyeni wanaopita kuangalia choo, maji yaliyosimama na majani yaliyozidi. Kapita akikuta uchafu mlangoni, mwenye nyumba aliitwa. Kanivo zilichimbwa na kampuni, zikafunguliwa na kampuni kabla ya mvua, na mfanyakazi hakuulizwa kitu. Hawakufanya hivyo kwa upendo. Mtu mwenye malaria hachimbi shaba, na kampuni ilijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi.

Tunapokaa na wazee, ni hapa wanapoanza kulia. «Kambi ilikuwa safi sana,» wanasema, na ni kweli. Lakini ukiuliza nani aliamua kanivo ipite wapi, wanakuangalia kama mtoto asiyejua kitu. Aliamua mzungu wa kambi. Desemba 1941, wafanyakazi wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati ule, na wa Elisabethville waligoma kudai mshahara, na askari wakawapiga risasi. Baada ya vita kampuni ikakubali mabaraza ya wafanyakazi, ambamo wajumbe waliweza kuleta maneno juu ya posho na nyumba. Kuleta neno ni kitu kimoja. Kuamua ni kingine, na hicho hawakupewa.

Nafasi ya kwanza ya kuamua ilikuja kwa karatasi ya serikali. Dekreti ya 26 Machi 1957 iliweka sheria mpya ya miji: mji ugawanywe katika komine, komine iwe na baraza na burgumestre, na wakaaji wapige kura. Tarehe 22 Desemba 1957 watu wa Jadotville na Elisabethville walipiga kura hiyo, majuma mawili baada ya Léopoldville. Walipiga wanaume tu, wa miaka 25 na zaidi. (Mama zetu, ambao ndio waliofagia, hawakuulizwa. Hilo nalo liandikwe.)

Mambo ambayo baraza la komine lingeshughulikia ni yale yale ya kanivo yetu: barabara za mtaa, soko, taa, uchafu, maji ya mvua. Mambo madogo, mtu angesema. Lakini siku kura zilipohesabiwa, hakuna aliyezungumzia taa. Katika komine za Waafrika za Elisabethville, burgumestre wote wanne waliochaguliwa walikuwa watu waliohesabiwa kuwa si wa asili ya Katanga. Walikuwa watu wa Kasai na wa Maniema.

Tuseme kweli pande zote. Haikuwa ajabu watu hao kushinda: kampuni na reli ziliwaleta wengi mjini, wengi wao walikuwa wamesoma, na walipiga kura pamoja. Na haikuwa ajabu wenyeji kuumia: shaba ilitoka katika ardhi ya babu zao, na walipoingia ofisini waliona karani wa Kasai, na sasa hata burgumestre. Uchungu huo ulikuwa na sababu. Oktoba 1958 ikaundwa Conakat, chama kilichosema kwa sauti kwamba Katanga iongozwe na Wakatanga wa asili. Sisi tunapima hivi: mara ya kwanza watu wa mji huu waliporuhusiwa kuamua juu ya mtaa wao, swali la «tufanye nini» lilimezwa na swali la «unatoka wapi». Na tangu siku hiyo maswali hayo mawili hayajatengana vizuri.

Yaliyofuata mnayajua, tutapita upesi. Julai 1960 Katanga ikajitenga. Mwaka 1961 maelfu ya Wabaluba wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa huko Elisabethville, na mwaka 1962 wengi wakasafirishwa kwenda Kasai. Katanga ilipounganishwa tena mwaka 1963, kidogo kidogo watu wakarudi. Kwa hiyo neno «waliorudi», lililo katika jina la shirika letu, si neno la jana. Kuna familia kati yetu ambazo zimerudi mara mbili katika parsele moja.

Mwaka 1967 Mobutu akaichukua Union Minière, na baada ya miaka michache ikaitwa Gécamines. Kambi ziliendelea kusafishwa na kampuni. Nje ya kambi kulikuwa na salongo: siku yake ikifika, kila mtu atoke na jembe na fagio, apende asipende, na asiyetoka aliogopa. Vijana leo wanatumia neno salongo kama neno la furaha, na kuna hata nyimbo. Wazee wakilisikia wanakunja uso. Tumejifunza kuliangalia neno hilo tunapoandika barua ya mwaliko, maana tunayemwita «aje salongo» anaweza kusikia «aje kwa nguvu».

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ukabomoka. Kufika katikati ya miaka ya 1990, kampuni nzima ilitoa karibu tani 30,000 tu kwa mwaka. Mwenye kulipa wafagiaji alikuwa anazama.

Ni katika kuzama huko ndipo yalipotukuta ya 1992. Tarehe 15 Agosti, kule Kinshasa, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Muda si mrefu vijana wa chama kilichotawala jimbo wakaanza kupita katika mitaa ya Likasi. Milango ikavunjwa. Watu wakatoka na kitu walichoweza kubeba, wakajaa katika mashule na kwenye stesheni, wakingojea treni ya kwenda Kasai. Wengine walingoja majuma, wengine miezi, chini ya mvua, bila choo cha kutosha. Watoto walikufa pale, na wengine wakafa ndani ya mabehewa. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Kwa jumla waliofukuzwa katika jimbo ni mamia ya maelfu.

Sisi tuliokuwa watoto wadogo wakati huo tunakumbuka vipande tu: sufuria iliyofungwa katika shuka, harufu ya stesheni. Lakini neno moja wanalikumbuka wote, wakubwa kwa wadogo. Walituita «bilulu», wadudu. Tumelitaja hapa si kwa kuamsha chuki. Tumelitaja kwa sababu makala hii ni juu ya usafi, na mtu akiisha kukuita kilulu, amekwisha kukuonyesha fagio lake ni la kazi gani. Mama anayeogopa kusema mkutanoni juu ya takataka anajua jambo ambalo ripoti yetu haikujua.

Tusijidanganye pia. Wengine kati yetu wanapenda kusema kwamba mji ulioza kwa sababu sisi tuliondoka. Ni kweli kwamba viwanda vilipoteza mafundi, na shule zilipoteza walimu. Lakini kanivo hazikuziba kwa sababu ya kabila lolote kuondoka. Ziliziba kwa sababu kampuni iliacha kulipa, na nyuma ya kampuni hapakuwa na mtu aliyejua kwamba sasa ni kazi yake. Waliobaki Likasi waliteseka humo humo. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliolipwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa faranga mara moja, na mishahara ya nyuma ikabaki kuwa kesi. Wengi wa majirani zetu wa leo ni hao. Wao hawakupandishwa treni, lakini nao walitolewa katika maisha yao.

Sisi tukarudi kimya kimya, kwa treni, kwa lori, familia moja moja. Wengine walikuta nyumba zina watu, wakanunua upya kitu kilichokuwa chao, au wakapanga chumba katika avenyu ileile wakiona mlango wao kila siku. Wengine walikuta jambo jingine. Tata mmoja mwenyeji, jirani, alikuwa ameziweka karatasi za parsele ya watu waliofukuzwa ndani ya kopo la maziwa miaka yote, akalitoa siku waliporudi bila kusema maneno mengi. Tunawaandikia wafadhili hili pia, kwa sababu wakija hutuuliza juu ya milango iliyovunjwa, lakini juu ya kopo hawaulizi.

Sasa sheria. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inasema komine ni chombo chenye utu wake wa kisheria, chenye baraza la kuchaguliwa na bajeti yake. Kartie si hivyo. Shefu wa kartie hana bajeti, hana kasha, ana bendera na daftari. Ndiyo maana anaita salongo: hana kingine cha kuita. Mwanachama anayemkasirikia kwamba «anakula faranga za kanivo» aelewe kwanza kwamba faranga za kanivo, kama zipo, hazipiti kwake.

Na baraza la komine liko wapi? Uchaguzi wa madiwani wa komine ulifanyika Desemba 2023, lakini Kinshasa na katika miji mikuu ya majimbo tu. Lubumbashi ilipiga kura hiyo. Likasi haikupiga, kwa kuwa si mji mkuu wa jimbo. Komine zetu nne, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru, zina burgumestre walioteuliwa, na hazina wajumbe waliochaguliwa kuwauliza bajeti. Babu zetu wa 1957, na mipaka yote ya wakati wa ukoloni, walichagua watu wa baraza. Sisi wa leo hatujapata hata hilo.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2018. Kodi ya mkodi iliyobadilishwa mwaka huo, yaani sheria ya migodi, inagawanya malipo ambayo kampuni za migodi hutoa juu ya madini wanayouza: sehemu 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa chombo cha mahali ambapo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Chombo cha mahali ni komine, sekta au utemi. Kwa hiyo komine yenye mgodi ina haki ya sehemu 15. Komine isiyo na mgodi ndani ya mipaka yake haipati katika hizo, hata kama malori ya mgodi yanapita mbele ya mlango wake na kuvunja kanivo. Kujua mipaka ya komine, na kujua kilichoingia katika kasha lake, ndiyo mambo ambayo diwani angeuliza. Kwa kuwa diwani hayupo, lazima aulize mkaaji. Na mkaaji anayeogopa kuulizwa anatoka wapi hataweza kuuliza faranga zimeenda wapi.

Turudi kwenye avenyu yetu. Mkutano wa kwanza mama hakuenda. Salongo ilifanyika, vijana wetu na vijana wa majirani walitoa mchanga siku nzima, na mvua iliyofuata maji yakarudi tena ndani ya nyumba. Mkutano wa pili tulikwenda kumchukua sisi wenyewe, tukamkalisha karibu na mlango kama alivyotaka. Walibishana muda mrefu: wengine walitaka kuchimba kanivo mpya upande wa juu, wengine walisema maji yatahamia kwa jirani. Mama akanyoosha mkono. Akasema chini ya kona, mbele ya mahali palipokuwa na duka, kuna buze ya simenti. Mume wake alikuwa katika kikosi kilichoiweka. Maji yote ya avenyu yalikuwa yanatokea pale. Hakuna mwingine aliyejua, kwa sababu waliokuja kukaa baada ya 1992 walikuta kona imefunikwa na udongo.

Walichimba siku ya tatu. Buze ilikuwapo, imepasuka katikati, imejaa mchanga hadi juu. Hakuna aliyemuuliza mama anatoka wapi. Shefu wa kartie alimuuliza tu buze ya pili iko wapi, naye akasema ya pili haijui.

Kutengeneza buze si kazi ya jembe. Inahitaji simenti, vyuma na fundi. Katika kamati yetu tumebishana, na hatujamaliza. Wengine wanasema tuwaombe wafadhili, buze mbili si kitu. Sisi wa tereni tumesema hapana, au tuseme: si kwanza. Tumesaidia wakaaji kuandika barua kwa komine, yenye majina ya parsele zote za avenyu, wenyeji na waliorudi katika orodha moja, kwa mpangilio wa namba za nyumba. Barua inauliza vitu viwili: gharama ya buze, na mstari wa bajeti ya mwaka huu unaohusu mifereji ya maji. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri, na kopi moja iko kwa mama.

Jibu halijafika. Wanachama wa avenyu ile wamekubaliana kwenda kuliuliza pamoja kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, watu wawili wawili, mmoja wa waliorudi na mmoja wa waliokuwapo. Mwezi ujao ni zamu ya mama na ya tata mwenye kopo la maziwa. Mvua zitaanza Oktoba au Novemba.